Daktari wa goti la mama: nitajuaje kama ni bingwa kweli, na NHIF italipa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa. Mama yangu ana miaka 66 na goti lake la kulia linamsumbua kwa muda mrefu. Dawa za maumivu zimeacha kumsaidia, usiku halali. Kwenye kliniki moja ya binafsi Morogoro mjini tumeambiwa goti limekwisha, inabidi awekewe la bandia, na kwamba daktari wa hapo atamfanyia mwenyewe Dar es Salaam. Watu wanamsifu sana. Ila tumeombwa kianzio cha pesa, na mama yumo kwenye kadi yangu ya NHIF kama mtegemezi. Nitajuaje kama huyu daktari ni bingwa wa mifupa kweli? Bima itakubali? Mjomba aliyeko Nairobi anasema tumpeleke kwake. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwalimu, na mama mpe pole zangu. Suala la ubingwa lisikukoseshe usingizi, maana linathibitishwa ukiwa umekaa nyumbani na simu yako, na nitakueleza namna. Kilichonishtua kwenye barua yako ni kwamba mama atapasuliwa "Dar es Salaam" bila kutajiwa hospitali. Dar ni kubwa. Na kwa mgonjwa mwenye kadi ya NHIF, jina la hospitali lina uzito kuliko jina la daktari.

Sababu ni hii. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) unaingia mkataba na kituo, si na daktari mmoja mmoja. Daktari yuleyule anaweza kuwa asubuhi yuko hospitali ya serikali, ambako kadi ya mama inapokelewa, na jioni yuko kwenye kliniki yake au hospitali ya binafsi isiyo na mkataba, ambako kila kitu ni taslimu. Mikono ni ileile, bili ni mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana swali la "huyu daktari anapokea bima?" halina jibu mpaka uongeze "akiwa wapi?" Familia nyingi hugundua jambo hili zikiwa dirishani kwa mhasibu, mgonjwa ameshavaa gauni la wodini.

Tuanze na daktari mwenyewe, kwa kuwa ndilo uliloliuliza kwanza.

Tanzania Bara, daktari yeyote, awe wa serikali, wa hospitali ya misheni au wa binafsi, lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, maarufu kama MCT. Zanzibar wana baraza lao, na usajili wa huko ni wa huko. Tovuti ya MCT ina sehemu ya kuhakiki mtaalamu kwa jina au kwa namba ya usajili. Namba ni bora kuliko jina. Majina yetu yana matatizo yake: mtu amesajiliwa kwa majina matatu, mtaani anajulikana kwa moja, na kwenye bango la kliniki ameandika la ukoo tu. Piga simu kliniki, useme kwa adabu: "Naomba namba ya usajili ya MCT ya daktari, tunaihitaji kwa ajili ya kumbukumbu za mgonjwa." Ni ombi la kawaida. Daktari aliyesajiliwa hana sababu ya kulikasirikia, na mapokezi wakianza kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Ukimpata kwenye rejesta, usiishie kwenye kufurahi kwamba jina lipo. Angalia amesajiliwa kama nani. Kuna usajili wa awali wa daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, kuna usajili kamili wa daktari wa kawaida, na kuna usajili wa daktari bingwa ambao hutaja fani yake. Wewe unatafuta huo wa mwisho, na fani iwe mifupa na ajali. Kisha angalia leseni yake kama iko hai. Shahada haifi, lakini leseni ya kufanya kazi huhuishwa, na sharti mojawapo ni daktari aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Mtu anaweza kuwa alihitimu vizuri kabisa miaka 20 iliyopita na leo leseni yake imelala.

Usipomwona, usimtangaze tapeli siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Inawezekana herufi moja imekosewa. Piga simu Baraza, wataje majina yote unayoyajua na hospitali anayofanyia kazi, uwaulize. Kuhakiki wataalamu ni sehemu ya kazi yao.

Niseme kidogo kuhusu vyeo, kwa sababu huko vijijini kwetu kila mwenye koti jeupe ni "dokta". Tabibu si daktari bingwa, ingawa wapo matabibu waliookoa miguu mingi kuliko baadhi ya wenye shahada. Daktari mwenye MD amesoma udaktari wa jumla. Ubingwa unakuja baadaye: ama kwa shahada ya uzamili ya mifupa na ajali, ile MMed ya vyuo kama MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili), ama kwa njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999 na ambacho makao yake yako Arusha. Aliyepitia njia hiyo huandika FCS baada ya jina lake. Zote ni njia halali na zote zina mitihani migumu.

Wapo pia mabingwa wa upasuaji wa jumla. Katika hospitali nyingi za mikoa hao ndio wanaorudisha mifupa iliyovunjika kwenye ajali za bodaboda, na wanaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini goti bandia ni habari nyingine, na kwa hilo ningemtaka bingwa wa mifupa. Hata miongoni mwa mabingwa wa mifupa, mmoja amebobea uti wa mgongo, mwingine watoto, mwingine viungo bandia. Ukisikia "bingwa bobezi", uliza: bobezi wa nini? Sifa kubwa ya kunyoosha migongo haisemi lolote kuhusu goti la mama yako.

Na ukutani mwa kliniki utakuta vyeti vingi vyenye fremu. Vingine ni vya kozi za siku chache. Ni kozi nzuri, nami ninavyo, ila hakuna kozi ya siku tatu inayomfanya mtu kuwa bingwa. Uanachama wa chama cha kitaaluma vilevile ni jambo jema, lakini chama hakitoi leseni.

Rejesta itakwambia kwamba mtu huyu ana haki ya kufanya upasuaji. Haitakwambia kama anaufanya mara kwa mara. Hilo utamuuliza mwenyewe, na hapa naomba usione aibu. Muulize: "Dokta, kwa mwaka unabadilisha magoti mangapi?" Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kitu kilekile: mpasuaji na hospitali wanaofanya upasuaji huu kwa wingi hupata matatizo machache kuliko wanaofanya mara mojamoja. Sikupi idadi ya kumpimia. Anayefanya kwa wingi atakujibu bila kufikiri. Muulize pia nani hasa atashika kisu siku hiyo. Kwenye hospitali zinazofundisha, daktari anayesomea ubingwa hushiriki chini ya usimamizi, na hakuna ubaya wowote, ili mradi mjue na msimamizi awepo chumbani. Na uliza: mama akipata homa au goti likivimba siku ya kumi, mkiwa Kilosa, mnampigia nani?

Sasa hospitali. Mwambie mtu wa kliniki akuandikie kwenye karatasi jina kamili la hospitali ya Dar ambako upasuaji utafanyika. Kwa mkono wake, na tarehe. Ukishapata jina, nenda ofisi ya NHIF ya mkoa, pale Morogoro mjini, ukiwa na kadi yako na ya mama. Tovuti ya Mfuko ina orodha ya vituo vilivyosajiliwa, lakini mimi ningekwenda ana kwa ana, kwa kuwa orodha haijibu maswali yote uliyonayo. Kituo kinaweza kuwa na mkataba na bado kisiwe kimeidhinishwa kwa upasuaji wa aina hii kwa sababu ya daraja lake. Kingine kilikuwa na mkataba mwaka jana. Utakumbuka Machi 1, 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko hulipia, kilipoanza kutumika: baadhi ya hospitali binafsi kubwa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa bei, na wagonjwa waliokuwa na miadi wakajikuta njia panda. Hakikisha mara mbili, wakati wa kupanga na tena siku chache kabla ya kusafiri.

Pale ofisini thibitisha kwanza jambo linaloonekana dogo: kwamba mama bado yumo kama mtegemezi wako, na kwamba jina lake kwenye kadi linalingana na la kitambulisho chake cha NIDA. Wewe ni mtumishi wa umma, unakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, na kwa mchango huo unaruhusiwa mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Lakini "Mwanahawa" kwenye kadi na "Mwanaawa" kwenye kitambulisho vinaweza kukuchelewesha siku nzima mapokezini.

Kisha uliza kuhusu kibali. Vipimo vikubwa na upasuaji wenye vifaa vya gharama kwa kawaida huhitaji Mfuko uidhinishe kabla. Hospitali ndiyo inayoomba, wewe unachotakiwa kujua ni kama ombi limetumwa na limejibiwaje. Hapo ndipo "kianzio" chenu kinapoanza kunuka. Kama hospitali ina mkataba na Mfuko, na huduma imo kwenye kitita, hakuna sababu ya familia kumpa daktari fedha kabla hata ombi la kibali halijatumwa. Kama hospitali haina mkataba, basi ni mgonjwa wa kulipia, na hilo mngepaswa kuambiwa waziwazi tangu mwanzo. Kwa hospitali za serikali, malipo yoyote halali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na hutoka na stakabadhi. Pesa inayoingia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi si malipo ya hospitali, hata kama mtu huyo ni bingwa wa kweli mwenye leseni hai. Msitume kitu mpaka mjue inalipia nini na inapokelewa na nani.

Kuna eneo jingine linalowaumiza wagonjwa wa mifupa kuliko wa fani nyingine, nalo ni vipandikizi, ambavyo watu huviita vyuma. Goti bandia ni seti ya vipande vya chuma na plastiki ngumu, kuna saizi mbalimbali, kuna saruji maalumu ya kuvishikilia, na seti hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama yote. Inatokea hospitali ina mkataba, kibali kimetoka, halafu familia inaambiwa, "Vyuma kwa sasa hatuna, kanunueni kwa fulani." Kwa hiyo swali lako kwa hospitali lisiwe tu "mnapokea NHIF?" Liwe: "NHIF inalipia upasuaji na goti lenyewe hapa kwenu? Seti ipo stoo? Kuna kitu chochote nitakachotakiwa kuongeza mfukoni mwangu?" Omba wakuandikie. Ukiambiwa kuna nyongeza, rudi na karatasi hiyo ofisi ya Mfuko uulize kama ni halali. Na mama anapotakiwa kusaini fomu ya madai, zile 2A/B, asome kilichoandikwa. Asisaini fomu tupu, hata kama muuguzi ana haraka.

Ningekuwa mimi ni wewe, ningeacha kwanza habari ya kliniki hiyo na kuanza upya kwa njia iliyonyooka, kwa sababu mtahitaji rufaa kwa vyovyote vile. Mpeleke mama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro na picha zake zote za eksirei. Akiwepo bingwa wa mifupa, amwone, na mtakuwa mmepata maoni ya pili bila gharama ya ajabu. Kisha omba rufaa. Kutokea Morogoro mna pande mbili. Mashariki kuna MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya 1996, ambako upasuaji wa kubadilisha nyonga na magoti ni kazi ya kila siku. Foleni yake pia ni ya kila siku, msishangae kupewa tarehe ya mbali. Magharibi kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, ambako nako wanaweka magoti na nyonga bandia. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Morogoro iko katikati ya miji hiyo miwili na safari haina misukosuko ya basi, jambo ambalo mama atalishukuru wakati wa kurudi akiwa na nyuzi gotini. Pimeni foleni, na pimeni mna ndugu wapi wa kufikia, maana ningependa akae karibu na hospitali angalau wiki mbili za mwanzo mpaka nyuzi zitoke. Damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na maambukizi ya kidonda ndivyo tunavyoviogopa zaidi kipindi hicho, na Kilosa ni mbali kwa mambo hayo.

Mkisikia kuna kambi ya madaktari bingwa au huduma ya mkoba imekuja mkoani, nendeni, hasa kwa uchunguzi na ushauri. Kwa upasuaji wa goti bandia ningeuliza swali moja: bingwa akishaondoka, nani anabaki na mgonjwa?

Kuhusu Nairobi. Kuna wapasuaji wazuri sana huko, na mjomba anaweza kuwahakiki kwenye rejesta ya KMPDC, ambalo ndilo baraza lao. Lakini kadi yako ya NHIF haivuki Namanga. Wakenya nao walikuwa na mfuko wenye herufi hizohizo nne, ulioondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) Oktoba 1, 2024, na kufanana kwa majina kumewachanganya watu wa mipakani mara nyingi. Ule ulikuwa wa kwao na huu ni wa kwetu. Mama akienda huko ni kulipa taslimu kila hatua, pamoja na safari za marudio. Sioni sababu, kwa upasuaji unaofanyika Dar na Dodoma.

Kwa wasomaji wenye bima za kampuni binafsi: utaratibu ni uleule, ila someni vipengele viwili kwenye mkataba wenu, kikomo cha fedha kwa vipandikizi na kipindi cha kusubiri kwa magonjwa yaliyokuwepo kabla ya kujiunga. Goti lililoanza kuuma kabla ya kukata bima ndilo kampuni zinalolitafuta. Mkinyimwa bila sababu ya kueleweka, iko TIRA inayosimamia kampuni za bima, na iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wenye CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya, wajue inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Haifiki MOI.

Sijamwona mama, kwa hiyo siwezi kukwambia kama goti lake limekwisha kweli. Miaka 66, maumivu ya usiku na dawa kushindwa kazi ni maelezo yanayoendana na upasuaji, na goti lililowekwa vizuri hudumu miaka 15, 20 au zaidi. Lakini muulize daktari mtakayemwona kama njia nyingine zimejaribiwa kikamilifu: mazoezi tiba chini ya mtaalamu, kupunguza uzito kama upo, na mkongojo. Na mkongojo ashike mkono wa kushoto, upande usiouma. Wazee wengi hushika upande wa goti bovu na kuliongezea mzigo. Sukari na presha vipimwe sasa, siyo wiki ya upasuaji, kwa sababu sukari iliyopanda peke yake inatosha kuahirisha tarehe mliyoisubiri miezi. Jino bovu nalo ling'olewe mapema.

Siku ya kutoka wodini, pamoja na karatasi ya ruhusa na maelekezo ya mazoezi, ombeni nakala ya maelezo ya upasuaji na stika za goti. Kila kipandikizi huja na stika zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili la hospitali, na nyingine ibandikwe kwenye daftari la mama. Faili hupotea, hospitali hubadili mifumo, na mpasuaji hustaafu. Atakayelifungua tena goti hilo baada ya miaka mingi, ikibidi, atahitaji kujua ndani kuna kitu gani.